Mwaka Tuliotafuta Feni ya Kimya

Tulimzika Mshamu siku ya Jumatano baada ya swala ya adhuhuri, na mimi nilikaa na wanawake kwenye mkeka, uani kwa shangazi yake, mpaka miguu ikafa ganzi. Siku hizi miguu yangu inakufa ganzi upesi. Wanaosema mwenye mali hachoki hawajawahi kupandisha jengo la ghorofa tatu Mbezi kwa jasho lao wenyewe, bila mume, bila mjomba serikalini, tofali juu ya tofali. Mimi nimepandisha, na nimechoka. Nyuma yangu watu walikuwa wakimsifu marehemu, kama ilivyo ada, na kila mmoja alisema jambo lilelile: kwamba alikuwa na sauti ya kutikisa Kariakoo, sauti ya kumgeuza mtu aliyeko Mnazi Mmoja. Kisha binti mmoja wa ukoo, ambaye wakati ninaotaka kuusimulia alikuwa bado anabebwa mgongoni, akanitambulisha kwa mgeni aliyetoka Kilwa. Alisema mimi ndiye yule Mchaga aliyekuwa anasaidiwasaidiwa na baba yake mdogo kule studio. Msibani hapasahihishwi mtu. Lakini mambo ya mwaka ule siku hizi yanajulikana na watu wawili tu, mimi na shangazi yake huyo, Bi Zuhura, naye Bi Zuhura amefika umri wa kuuliza kama amekwisha kunywa chai wakati kikombe bado kiko mkononi mwake. Basi nimekaa chini kuandika, nikiwa na uchovu wangu.

Ulikuwa mwaka niliorudi kutoka Sauzi. Ya nyumbani kwetu, nani alinizaa na nani alinisomesha, nayaacha. Jibu la hilo la pili ni mimi mwenyewe. Nilisugua masufuria katika jiko la hoteli mjini Durban, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na jioni nilikwenda darasani nikinuka sabuni na mafuta ya kukaangia. Nilitoka huko na stashahada ya elektroniki na kompyuta. Wenzangu waliorudi walileta viatu na lafudhi. Mimi nilileta karatasi moja ndani ya fremu, na kompyuta niliyoiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, nikaifunga ndani ya mablanketi mawili kama mtoto mchanga. Mtaani wakaniita Dada Sauzi, na nililichukua jina hilo bila kinyongo, maana wengine waliorudi mwaka ule waliitwa majina mabaya zaidi. Fremu niliitundika ukutani siku ileile niliyohamia, kabla sijatandika kitanda.

Chumba nilipanga kwa Bi Zuhura, Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya Kiswahili ya zamani yenye korido katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye bomba, jiko na kamba za nguo. Changu kilikuwa cha mwisho, kinachopakana na ua. Nilikivisha kuta zote trei za mayai, dirisha nikaliziba kwa magodoro chakavu, mlango nikaugongomea sponji. Tukishafunga kilikuwa kama tumbo la oveni. Feni ya dari ilikuwapo, na ilikuwa nzima, lakini hatukuruhusiwa kuiwasha, kwa sababu tulichokuwa tunakifanya mle ndani ni kurekodi sauti, na feni ya dari husikika kwenye maiki kama helikopta. Kazi yetu ilikuwa matangazo ya wamachinga. Yale maneno unayoyasikia mpaka leo yakizunguka kwenye spika ndogo juu ya meza za viatu, mikoba na sufuria, mtu hakai anayasema kutwa nzima. Yamesemwa mara moja mahali fulani, yakatiwa kwenye memori kadi. Mahali hapo, mwaka ule, kwa sehemu kubwa ya mitaa iliyolizunguka soko, palikuwa ni chumba changu. Na msemaji alikuwa Mshamu.

Alikuwa mpwa wa Bi Zuhura, mtu wa Kariakoo wa kuzaliwa, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, mwembamba, kofia ya kiua haimtoki kichwani. Alikuwa amepiga mnada wa mitumba tangu ujana wake, akisimama juu ya meza, kabla spika hazijaingia na kuwashusha wapiga mnada wote. Wengine walinuna wakaenda kuuza maji. Yeye alisikia kwamba kuna mwanamke ana mashine ya kunasa sauti nyumbani kwa shangazi yake, akaja, akaketi mlangoni, akasema, "Dada, wewe una mtego, mimi nina ndege." Tangu siku hiyo tukawa pamoja. Mteja akileta bidhaa, Mshamu alikuwa haandiki kitu. Aliishika, akaigeuza, akainusa, akauliza ni nani hasa anayeinunua na anainunua akiwa na haraka gani. Kijana mmoja alileta mikanda ya suruali. Mshamu akauvuta mmoja, akafumba macho, kisha akamwaga maneno kwenye maiki kwa pumzi moja: "Suruali ikishuka na heshima inashuka nayo, njoo ufunge vyote kwa elfu tatu." Yule kijana alicheka mpaka ikabidi turudie. Mikanda iliisha wiki ileile. Sauti yenyewe sijui niieleze vipi kwa asiyeisikia. Haikuwa nene. Ilikuwa na makali, kama msumeno mpya, na ilipanda juu ya kelele bila kuonekana inajikaza.

Kero yetu moja ilikuwa feni ya prosesa. Prosesa, kwa asiyejua, ndiyo ubongo wa kompyuta, na ubongo huo ukifanya kazi huwaka moto. Kwa hiyo juu yake hufungwa bati lenye mapezi, na juu ya bati hufungwa feni ndogo. Ile iliyokuja na prosesa ilikuwa kijifeni cha kiganja, na kila joto lilipopanda nayo ilikaza mbio. Katika oveni yetu joto lilipanda kila mara. Ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Kuitoa kompyuta nje haikuwezekana. Kuweka kompyuta kwenye korido la nyumba ya wapangaji wengi ni kuiaga. Siku moja Mshamu alichoshwa na ule mngurumo, akaizuia ile feni kwa kijiti cha mishikaki ili arekodi kwa raha. Kompyuta ikajizima yenyewe katikati ya neno "ndala". Nilimsema mpaka Bi Zuhura akaja kugonga mlango kuuliza nani amekufa. Baada ya hapo tuliivumilia. Wateja wetu hawakujali, maana tangazo lilikuwa linaenda kupigwa Mtaa wa Kongo, na nani katika Mtaa wa Kongo angesikia feni? Nyuma ya kila tangazo letu palikuwa na mkwaruzo, krrr, na kila tulipousikia Mshamu alinyoosha kidole kwenye kompyuta na kusema, "Mashine yako hiyo, dada." Nami nilikubali. Hakukuwa na sababu ya kutokukubali.

Mvua za vuli zilipokaribia alianza kukohoa. Wakati huo tulikuwa tunakula pamoja uani mchana, mimi, yeye na Bi Zuhura, kwenye sinia moja: wali wa nazi na maharage siku ya Ijumaa, siku nyingine ugali na dagaa, na nikipata ndizi kutoka nyumbani niliwapikia mtori, Bi Zuhura akaunywa huku akisema chakula cha Wachaga ni cha watu waliong'olewa meno. Siku moja nikaona Mshamu anatafuna tonge kwa muda mrefu kabla ya kumeza, kama mtu anayepita njia nyembamba na mzigo. Shangazi yake aliona kabla yangu. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akamshika mkono wa kanzu kama mtoto. Waliporudi Mshamu alitueleza bila kutuangalia. Daktari ameona uvimbe kwenye koo, mahali sauti inapotokea. Unataka kukatwa. Ukiachwa utaziba njia ya pumzi, ukikatwa sauti inaweza isirudi, na tarehe amepangiwa mwishoni mwa mwezi unaofuata. Bi Zuhura akamwambia atakwenda. Mshamu akasema inshallah, na Bi Zuhura akamwambia kwamba inshallah ile hakuipenda.

Mimi ndiye niliyepata wazo. Hilo naliandika kwa wino mzito, maana leo vijana wanakuja ofisini kwangu kunieleza kwamba kuna mashine inayoweza kusema kwa sauti ya mtu, kama vile wananiletea habari mpya. Nilimwambia Mshamu: kabla hujaenda, tukusanye maneno yako moja moja. Tarakimu zote, bei zote, bidhaa zote, karibu, njoo, ondoka nayo, mwisho wa mwezi, leo tu. Tuyaweke kwenye ghala. Halafu, Mungu apishe mbali, sauti ikichelewa kurudi, mimi nitayaunga kama mtu anayeshona viraka, na tangazo litatoka. Alicheka, akasema nataka kumfanya sambusa, nimkate kate kisha nimkunje upya. Lakini alikubali, kwa wepesi ulionishangaza. Tukarekodi maneno machache ya majaribio, nikayaunga, tukasikiliza. Ilikuwa aibu. Nyuma ya neno "viatu" feni ilikuwa inaguna chini, nyuma ya "elfu" inapiga mluzi, nyuma ya "kumi" inaguna tena. Maneno yalikuwa yake lakini ngurumo ilikuwa inaruka kama redio inayobadilishwa stesheni. Tangazo la pumzi moja linaweza kubeba kelele ya feni. La viraka haliwezi, kwa sababu sikio linasikia mshono. Nikamwambia kwamba kabla ya ghala tunahitaji kimya, na kimya kinauzwa Kariakoo kama kitu kingine chochote.

Tulikwenda kwa Massawe, aliyekuwa na duka la vipuri vya kompyuta katika ghorofa ya kwanza ya jengo lililotazamana na Msimbazi, mtu wa kwetu, mangi, kama wanavyowaita Wachaga wenye maduka, mwenye tumbo na miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Alinipokea kama dada wa nyumbani, yaani alinitajia bei mbaya kwa upole. Juu ya kaunta alipanga feni za prosesa za kila namna. Kulikuwa na ndogo inayowaka taa nyekundu na buluu, ambayo ndiyo vijana wa magemu walikuwa wanaigombea. Hiyo ilikuwa inazunguka kwa kasi na Massawe aliisifia kwamba upepo wake unaweza kukausha nguo. Nikamwambia sitaki upepo, nataka kimya, na feni ndogo inayokwenda mbio ndiyo hasa ninayoikimbia. Kulikuwa na ya kupoozea kwa maji, yenye mipira miwili kama drip ya hospitali. Mshamu aliiangalia akasema maji na umeme ndani ya sanduku moja ni kuuita msiba kwa jina lake. Kulikuwa na tofali la shaba lililotolewa kwenye kompyuta kubwa za maofisini, lililotumika, zito sana. Na kulikuwa na mnara wa mapezi ya bati wenye mirija ya shaba iliyopenya katikati, na ubavuni feni pana kama sahani ya chai, ambao kwenye rafu ulikuwa umeota vumbi kwa sababu hakuna aliyeutaka.

Mshamu akalinyanyua lile tofali la shaba na uso wake ukang'aa. Nilijua kitakachofuata. Kariakoo mtu hupima kwa kiganja kwanza. Kizito ni orijino, chepesi ni feki. Pasi hununuliwa hivyo, sufuria hivyo, nyaya za umeme hivyo. Na wajanja wanajua, ndiyo maana redio nyingine ukiifungua unakuta ndani kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakina kazi yoyote duniani isipokuwa kukidanganya kiganja chako.

"Shika hii, Dada Sauzi," akasema. "Hii hata mwizi akija unamuulia."

"Sirekodi wezi."

"Nzito. Ndiyo yenyewe hii."

Massawe, ambaye hakuwa mjinga, akakiachia kiganja kifanye biashara. Nikawaeleza wote wawili, polepole, kama nilivyoelezwa mimi darasani: uzito haupoozi kitu, kinachopooza ni eneo la bati linalogusana na hewa. Tofali ni tofali, joto litaingia na kukaa humo kama mgeni asiyeaga. Mnara una mapezi mengi, kwa hiyo feni yake haihitaji kukimbia. Itazunguka polepole, mwendo mmoja, kiangazi na masika. Nikatoa kwenye mkoba kijiti nilichokikata nyumbani kwa kina cha sanduku la kompyuta yangu, nikakisimamisha ubavuni mwa ule mnara. Mnara ukazidi kidogo. Massawe akasema basi, haiingii, chukua ya taa. Nikasema nitaliacha sanduku wazi ubavu mmoja na nitalilaza chini badala ya kulisimamisha, ili mnara usimame wima na usining'inie na kuivuta bodi. Akavua miwani akanitazama. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, na nikamwambia kwa kirefu, na Mshamu akaenda kuketi ngazini kunisubiri.

Nilifunga ule mnara uani, mchana, juu ya kanga ya Bi Zuhura, nikiwa nimekwisha kufuta ile dawa kavu ya zamani juu ya prosesa kwa spiriti. Ile dawa nyeupe, inayopakwa kati ya prosesa na bati ili joto lipite, vijana wa madukani walikuwa wanaipaka kama blubendi kwenye mkate. Mimi niliweka tone kama punje ya choroko, nikakandamiza, nikakaza skrubu kwa kupishanisha pembe. Mpaka leo mafundi wangu wanafanya hivyo, na asiyefanya hivyo haajiriwi. Tukairudisha chumbani, tukafunga mlango, nikabonyeza. Mshamu akasema haijawaka. Nikamwambia imewaka. Akapeleka kiganja karibu na feni, akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayemhisi mgonjwa pumzi.

Sijui kama kuna mtu atakayenielewa nikisema kwamba kile chumba kilibadilika ukubwa. Tulianza kusikia vitu. Tulisikia bomba la uani likidondosha matone. Tulisikia mbuzi ya nazi ya Bi Zuhura ikikuna, kule jikoni, kupitia magodoro na trei zote. Tulisikia mapezi ya bati yakitoa sauti ndogo sana yanapopata joto. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani ambao wengine hawajui hata kama umefanyika. Nikamvalisha Mshamu hedifoni, nikamwambia tuanze na bei, aseme elfu moja mpaka elfu kumi, taratibu. Akasema elfu moja. Akasema elfu mbili. Kisha akaniangalia, akasema tena elfu mbili. Krrr. Ule mkwaruzo ulikuwapo. Feni ilikuwa kimya, na mkwaruzo ulikuwapo uleule tulioujua miezi yote, ila sasa ulikuwa uchi. Aliivua hedifoni taratibu akaiweka juu ya meza.

"Rudisha feni yangu," akasema.

Nilianza kumweleza habari za waya wa maiki, kwamba labda umelegea. Hakunisikiliza. Alisema tena kwamba nimrudishie ile feni ya kwanza, na aliposema hivyo wote wawili tuliusikia mkwaruzo, ndani ya chumba, bila hedifoni, ukitoka mdomoni mwake. Akafungua mlango akatoka. Nikabaki nimekaa na stashahada yangu ukutani na mashine yangu ya ajabu ikizunguka bila kusema kitu, na kwa sababu haikuwa inasema kitu nikawasikia uani, yeye na shangazi yake, kana kwamba nimekaa nao jikoni. Bi Zuhura alimuuliza ana nini. 

"Shangazi, mimi nilikuwa siendi hospitali kukatwa," akasema. "Nilikuwa nakuitikia tu. Nilisikiliza matangazo yangu yote, nikajua sauti ni nzima, ile kelele ni mashine ya yule dada. Leo ameinyamazisha mashine."

Mbuzi ya nazi ilisimama. Bi Zuhura hakulia na hakumkemea. Alimwambia akae, akampa tui la kwanza anywe kwenye kata, na mimi nikazima kompyuta nisisikie zaidi.

Alikwenda. Kabla ya kwenda alirudi chumbani kwangu siku chache akajaribu kulijaza ghala, na nilirekodi nilichoweza, lakini sauti ilikuwa imeshachanika na katika kile kimya kila tundu lilionekana. Nilipoyaunga matangazo ya viraka na kuwapa wateja, mmoja aliniuliza kama msemaji ameng'atwa na nyuki. Wakati yuko wodini wateja walianza kuhama mmoja mmoja. Kule mtaa wa Gerezani, karibu na karakana, vijana wawili walikuwa wamefungua studio yao ya kupiga kelele, na kelele walikuwa nazo za kutosha. Nilijaribu kurekodi mwenyewe. Mimi nina vipaji vingi, na sioni haya kuvitaja, lakini nikitangaza sufuria nasikika kama mwalimu anayesoma majina ya waliofeli. Shoga yangu wa Durban alipiga simu kusema jikoni kuna nafasi, masufuria ni yaleyale. Sikumjibu ndiyo, na sikumjibu hapana. Nilikuwa nalala mchana juu ya sakafu ya kile chumba, mashine ikiwa imewashwa bila kazi, kwa sababu ndicho kitu pekee mjini kilichokuwa kimya.

Mshamu alirudi na bandeji shingoni na amri ya kutosema neno kwa majuma kadhaa. Uani akawa anaongea kwa vidole na kwa kugonga sinia. Bandeji ilipotoka, na ruhusa ilipokuja, tulikaa wote watatu kumsikia. Akafungua mdomo, ikatoka hewa. Maneno yalikuwamo ndani ya hiyo hewa, yote, na matamshi yake mazuri yaleyale, lakini sauti ya kuyabeba haikuwapo. Ulikuwa mnong'ono, na daktari alikuwa amemwambia kwamba huo ndio atakaoishi nao. Alisema, ilibidi tumwinamie kumsikia, kwamba uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani, na kwamba angechelewa, asingemaliza mwaka. Kisha akaniambia niandike tangazo la kuuza mashine, halafu nirudi Sauzi nisipoteze muda wangu hapa. Nilimwambia sipangiwi safari na mtu. Lakini usiku na mchana nilikuwa nalipigia hesabu lile begi langu chini ya kitanda.

Kilichotuokoa kilikuwa panya. Ghala la mchele la jirani lilibomolewa ili lijengwe ghorofa, na panya wake wote wakahamia kwetu. Bi Zuhura alinunua dawa kwa yule mzee muuza dawa ya panya, mmoja wa wateja wachache waliokuwa hawajatukimbia, akaichanganya na dagaa. Mimi nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, dawa ataiweka wapi. Alinipiga kofi mkononi. Akaniinamia sikioni akaninong'oneza kwamba sikufundwa, kwamba panya husikia, na ukitaja dawa kwa sauti ndani ya nyumba hawaigusi. Akasema unasema umewawekea wageni chakula, na unasema polepole. Nilikuwa nataka kumweleza mambo ya sayansi. Mshamu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda upande wa pili, alikuwa ametuangalia tunavyonong'onezana, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hospitali nikaona anafumba macho, vile alivyokuwa akifumba mtu akimletea bidhaa mkononi. Akainuka, akaenda chumbani kwangu, akaketi mbele ya maiki.

Mnong'ono ni kitu kidogo sana. Kuunasa unatakiwa uisogeze maiki mpaka iguse ndevu, na uifungue masikio yote, na kwa kompyuta yenye kijifeni kile cha zamani ungenasa dhoruba yenye mtu mmoja ndani yake anayezama. Kwa mnara wangu ulinasika kama mvuke kwenye kioo. Hakurudia hata mara moja. Nilisafisha mwanzo na mwisho, nikapandisha sauti mpaka mnong'ono ukawa mkubwa kama mlango lakini bado mnong'ono, nikautia kwenye memori kadi. Asubuhi tukaenda naye Mtaa wa Kongo. Yule mzee wa dawa ya panya aliisikiliza mara moja, akatuangalia kwa huruma, akasema ataipiga kwa heshima ya Mshamu tu, na ataipiga mara moja.

Mnaijua Kongo. Kulikuwa na spika ya viatu kulia, ya mashuka kushoto, ya chaja za simu nyuma yetu, na wale vijana wa Gerezani ndio waliokuwa wanafoka ndani ya zote tatu. Wapagazi walikuwa wanapita na marobota wakidai njia. Mimi niliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nimechoka, nimekwisha kujiandaa kushindwa na kuwaonyesha watu kwamba hainiumi. Mzee akabonyeza. Ikatoka, chini ya kelele zote, kama mtu aliyepita katikati ya miguu ya watu: "Sogea. Sogea karibu, usiniitikie kwa sauti, wanasikia. Ukifika nyumbani sema umenunua mchele. Weka nyuma ya kabati, ulale. Kesho utaniambia mwenyewe."

Kabla mzee hajaizima, ilizunguka mara ya pili. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu la nyanya alisimama akageuka kutazama nyuma ya bega lake, kwa sababu alidhani ni mtu. Ikazunguka tena. Mwenzake alikuwa anamsimulia jambo refu la shemeji; mwenye kapu akamshika mkono.

"Hebu nyamaza kwanza," akamwambia. "Kuna mtu anaongea."

Wakasogea. Mpagazi mmoja akasimama na robota lake kichwani. Aliyekuwa nyuma yake badala ya kumtukana akauliza kuna nini, na akauliza kwa kunong'ona, na mzee wa dawa akaanza kugawa vipakiti bila yeye kusema kitu. Nikamgeukia Mshamu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, juu ya mapezi, na tofali la shaba, na nani alisema nini dukani kwa Massawe, na nilikuwa na haki nayo yote. Nikafungua mdomo. Akainua kidole, akakiweka mbele ya midomo yangu bila kunitazama. Kichwa alikiinamisha upande wa spika, macho ameyafumba, anaisikiliza sauti yake.